Chiriku Anaposhuka Ngazi

Fundi cherehani mmoja aliolewa kwa sababu ya sauti. Si sauti yake yeye, maana yeye alikuwa akiimba hata kuku wanahama uwanja. Ilikuwa sauti ya kinyozi.

Wakati huo fundi alikuwa msichana anayejifunza kazi, anakaa chini kwenye kibaraza cha mama aliyemfundisha, anafumua nyuzi za nguo zilizokosewa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana mwembamba anayenyoa watu huku akiimba. Mteja akiinamishwa kichwa, wimbo unaanza; akifutwa shingo, wimbo unaisha. Watu walimwita Chiriku. Wengine walikuwa wanakwenda kunyolewa nywele ambazo hazijaota, mradi waketi pale wasikie. Msichana naye alifumua, akafumua, mpaka siku moja akafumua gauni zima la mteja lililokuwa limeshonwa vizuri tu, kwa kuwa macho yalikuwa mikononi lakini roho ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mama wa kazi akamwambia, "Mwanangu, ama uolewe na yule kijana, ama unifilisi."

Akaolewa.

Miaka ikapita, watoto wakakua, wakaenda na maisha yao. Wawili hawa wakapanga nyumba moja yenye vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara. Kimoja kikawa cha cherehani, kingine cha kinyozi, na katikati ukuta mwembamba wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa. Fundi alikuwa akishona upande huu, anasikia mashine ya kunyolea ikinguruma upande ule, na juu ya mngurumo huo sauti ya mumewe ikipanda na kushuka. Juu ya rafu, kati ya makopo ya vifungo na mabobini, redio ilikuwa wazi kutwa. Lakini fundi aliiweka redio kama mtu anavyoweka pazia dirishani: si la kutazamwa, ni la kufanya chumba kisionekane uchi. Alisikiliza maneno. Wimbo ukiwa na mwanamke aliyeachwa, alilia kidogo. Ukiwa na mwanamume aliyeaibishwa, alicheka sana. Hivyo vyombo vinavyopigwa nyuma alivijua kwa jina moja tu: muziki.

Basi siku moja akaingia mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, mtu mpole, mwenye tumbo lililokuwa likikua kuliko mshahara. Alibeba sanduku jeusi la umbo la ajabu, kama jeneza la bata.

"Fundi," alisema, "nondo wamekula kitambaa cha ndani. Nataka unitilie mahameli mpya."

Akalifungua. Ndani mlikuwa na fidla ya rangi ya chai ya rangi. Akaitoa, akailaza juu ya meza ya kukatia, akasema anakwenda kunywa chai mara moja. Mara moja ya walimu inajulikana.

Fundi akapima sanduku, akachora kwa chaki, akakata mahameli. Fidla imelala pale pale, inamtazama. Akajisemea hataigusa. Akapitisha sindano. Akajisemea ataigusa kwa kidole kimoja tu, kuona kama ni ya moto. Akavuta uzi mnene kuliko zote.

Mvumo ukatoka. Haukuwa mkubwa, lakini mkasi uliokuwa mezani ulitetemeka, vifungo ndani ya kopo vikanong'onezana, na fundi akahisi kitu kikimpanda mkononi mpaka begani, kama mtu aliyemshika bila kumuomba ruhusa. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akavuta tena.

Mwalimu aliporudi alimkuta fundi ameketi, fidla ipo mapajani, sanduku limesahaulika.

"Mwalimu," alisema fundi, hata salamu hakuna, "suruali zako hizi zinakubana."

"Unaniumbua, fundi."

"Sikuumbui. Nakuambia nitakutanulia zote, na utakazoshona baadaye nitakutanulia, mpaka tumbo lenyewe lichoke. Na wewe utanifundisha hiki kitu."

Mwalimu akajitazama kiunoni, akaona ni biashara ya haki. Shuleni kulikuwa na fidla nyingine iliyolala kabatini bila mwenyewe. Akamletea.

*

Sasa mwanzo wa fidla, wanaojua wanajua. Kinanda ukikibonyeza hata na kiwiko kinatoa sauti ya heshima. Fidla haina adabu hiyo. Shingo yake haina alama yoyote ya kukuonyesha pa kuweka kidole. Kidole kikikosea kwa unene wa uzi wa kushonea, umeshafika mji mwingine. Na upinde ukiukandamiza unakoroma, ukiulegeza unapiga mluzi kama kifua cha mgonjwa.

Fundi alijifunza mchana, wateja wanapokuwa wamepungua, nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo. Siku ya kwanza fundi viatu wa jirani alikuja mbio na nyundo mkononi.

"Nani anachinjwa?"

"Hakuna anayechinjwa, jirani. Najifunza muziki."

Fundi viatu akatazama pazia, akatazama fidla, akasema, "Pole," akaondoka. Haikujulikana pole hiyo alimpa nani.

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chiriku alikuwa anamnyoa karani mmoja mtanashati anayetaka nywele zikatwe kwa mstari. Fundi akavuta upinde, fidla ikalia kilio kimoja kikali, karani akaruka kitini, na mashine ikachora barabara kuu kutoka kisogoni hadi utosini. Hakukuwa na la kufanya ila kuondoa zilizobaki. Karani akatoka na kichwa kinachong'aa kama sufuria mpya.

Jioni Chiriku akauliza kwa upole, "Mke wangu, huyo mnyama utammaliza lini?"

"Nimemwanza tu."

"Haya. Mimi nina sauti, wewe una kelele. Nyumba imetimia." Akacheka, akambusu kwenye paji la uso, akaenda kuoga akiimba.

Hakumkataza hata siku moja. Hilo liwekwe wazi, maana kuna mambo ya mbele yatakayomfanya msomaji amcheke mzee huyu, na ni vizuri ajue anamcheka mtu mwema.

Mwalimu naye alikuwa na namna yake. Hakumwambia fundi apige, alimwambia asikilize. "Imba kwanza kichwani," alisema. "Ukishaisikia ndani, kidole kitaifuata. Usipoisikia, kidole kitakuwa kama kipofu anayetafuta tundu la sindano." Fundi akaelewa. Akawa anaketi na uzi mmoja, anavuta, anasogeza kidole chembe, anavuta tena, mpaka anafika mahali ambapo fidla nzima inafurahi. Hapo mbao zinavuma zenyewe, kama paka anayekunwa. Ukisogea pembeni kidogo, paka anaondoka.

Miezi ikaenda. Kelele zikapungua, fundi viatu akaacha kuja na nyundo.

Kisha masikio ya fundi yakafunguka, na hakuna aliyemwonya.

Ilianza kwa redio. Alikuwa anapiga pasi, ukaja wimbo mmoja alioujua tangu ujana, wa mwanamke aliyengoja barua. Kwa kawaida hapo angelia kidogo. Safari hii hata maneno hakuyasikia. Chini ya mwimbaji kulikuwa na fidla, na chini ya fidla hiyo kulikuwa na nyingine, ya pili, inayokwenda polepole, haijionyeshi, inashikilia tu. Ikiinama mwimbaji anainama, ikingoja mwimbaji anapumua. Ilikuwa kama bitana ndani ya koti! Miaka yote alikuwa analisifia koti, wala hakujua kuna mtu aliyekaa akalishonea bitana. Watu husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye alikuwa ameona vyaelea nusu ya maisha yake asiulize fundi ni nani.

Akasimama pale, mdomo wazi, mpaka wimbo ukaisha na harufu ikampiga puani. Pasi ilikuwa imetulia juu ya makalio ya suruali ya mwalimu.

Mwalimu alipoletewa suruali yenye dirisha nyuma, alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza, "Uliisikia ile ya pili? Ile ya chini?"

"Niliisikia."

"Basi suruali imekufa kwa haki," alisema, akatikisa kichwa kwa furaha.

Tangu hapo fundi hakukalika. Alisikia lango la nyumba likifunguka, akasema linaanza kama ule wimbo wa redioni lakini halimalizi. Alisikia ndoo ikijaa maji bombani, sauti ikipanda kadiri maji yanavyopanda, akaifuata kwa mluzi mpaka ikafurika ikalowesha miguu. Mteja mmoja, mama mnene mchangamfu, alikuwa akiguna wimbo huku anapimwa kifua. Fundi akamwambia, "Dada, hapo pandisha kidogo." Yule mama akavuta pumzi apandishe, tepu ikasoma pumzi badala ya kifua, na gauni likatoka na nafasi ya kufuga mgeni.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha. Lakini ikafika asubuhi moja ambayo fundi hakucheka.

Alikuwa anatunga uzi sindanoni. Upande wa pili, mteja alishainamishwa kichwa, na Chiriku akaanza wimbo wake mpendwa, ule aliouimba siku alipokuja kuposa. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kwenye wa pili fundi akahisi kama mtu aliyepanda gari lenye tairi linalopungua upepo. Akadhani ni yeye. Akaweka sindano chini, akasogea ukutani, akaegesha sikio kwenye mbao.

Mumewe alikuwa anashuka, sauti ikiacha mahali ilipoanzia.

Hakuwa anashuka kwa kishindo. Alikuwa anashuka taratibu, kwa heshima, kama mzee anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta. Alianza ghorofani. Ubeti wa tatu ukamkuta katikati ya ngazi. Alipofika mwisho, macho bila shaka ameyafumba na uso ameuinua kwa fahari, alikuwa amesimama uani. Na mteja akasema, "Chiriku, wewe umebarikiwa!"

Fundi akaketi. Akajaribu kujidanganya. Akangoja mteja wa pili, wimbo wa pili. Ngazi zile zile. Mteja wa tatu alipewa wimbo wa furaha. Huo ulishuka kwa haraka zaidi, kwa kuwa ulikuwa na mwendo wa haraka.

Mtu aliyeolewa kwa sababu ya macho mazuri, siku akigundua moja ni la kioo, atafanya nini? Fundi alipika chakula cha mchana kwa kimya. Chiriku akamuuliza kama anaumwa. Akasema kichwa. Chiriku, kwa kumpenda, akamwimbia ili kichwa kipoe.

Kesho yake akamwuliza mwalimu, "Kuna namna ya kurudisha masikio yalivyokuwa?"

"Unasikia nini kibaya?"

"Basi tu. Nauliza."

Mwalimu alikuwa amewahi kunyolewa upande wa pili wa ukuta, tena mara nyingi. Akajishughulisha kupaka utomvu mkavu kwenye upinde, asimtazame usoni. "Fundi, mtu akishajua kusoma, hata akitaka hawezi kulitazama bango asilisome. Umechelewa."

*

Hapo ndipo anapoingia wifi.

Dada mkubwa wa Chiriku alikuwa matroni wa hospitali. Mwanamke mrefu, mgongo umenyooka kama fito, sauti yake wagonjwa waliisikia wakajikuta wamepona. Tangu fundi aolewe, wawili hao walikuwa wakitaniana kama wifi na wifi, na utani wao ulikuwa na miiba mizuri. Fundi alikuwa akimshonea sare na kumwachia pini moja mahali asipotarajia. Matroni naye akija kusalimia alikuwa anapitisha kidole juu ya cherehani, anakitazama, halafu anakwenda kunawa.

Sasa matroni alikuwa anastaafu. Wafanyakazi wenzake waliandaa sherehe kwenye bwalo la hospitali, siku ya mapumziko, mchana. Akaja mwenyewe kutoa taarifa, akasimama mlangoni pa kinyozi ili asikike vyumba vyote viwili.

"Kaka, utaniimbia ule wimbo wa baba wa kumuaga msafiri. Beti zote nne."

"Dada, hilo unaniomba au unanipa zawadi?" alisema Chiriku, kifua kimejaa.

"Na safari hii hutaimba mkavu. Nimemkodi mpiga kinanda kutoka hotelini. Atakufuata."

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilisimama ghafla.

Fundi alielewa yote kwa mara moja. Kwa miaka yote Chiriku aliimba peke yake, na mngurumo wa mashine ya kunyolea. Mtu akishuka peke yake hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna kilichobaki juu cha kumpimia. Lakini kinanda hakishuki. Kinanda kitabaki ghorofani pale pale, kimekunja mikono, na Chiriku atakuwa anashuka ngazi mbele ya bwalo zima, daktari mkuu na mkewe, wauguzi, wateja wake wote. Hata mtu mwenye pamba masikioni atasikia.

"Mume wangu," alisema jioni, kwa sauti ya kubahatisha, "si mngefanya mazoezi kidogo na huyo wa kinanda?"

"Samaki afundishwe kuogelea?"

"Nasema tu."

"Atanifuata. Dada amesema atanifuata."

Usimwambie samaki kuwa anazama. Lakini kwa siku zilizobaki, mwalimu aliona mwanafunzi wake amebadilika. Hakutaka tena nyimbo za kitabuni. Alitaka wimbo mmoja tu, wa kumuaga msafiri, na aliupiga kwa namna ya kushangaza: anauanza safi, halafu vidole vyote vinne vinasogea pamoja chembe chembe kurudi nyuma kwenye shingo ya fidla, kama watu wanaoondoka msibani bila kuaga, mpaka anaumalizia mahali ambapo hapana jina.

Mwalimu alisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akatoa leso.

"Fundi," alisema akijifuta macho, "nimefundisha miaka mingi watu wasifanye hicho unachokifanya. Na hakuna aliyewahi kukifanya vizuri namna hiyo."

"Ni fidla tu inayoweza, sivyo?"

"Ni fidla tu. Kinanda kingekufa kwanza."

*

Siku ya sherehe fundi alifika mapema, kwa kuwa ndiye aliyeshona vitambaa vya meza. Akavitandaza kimoja kimoja, meza baada ya meza, akielekea mbele. Mpiga kinanda alishapanga chombo chake jukwaani kisha akatoka nje kuvuta hewa na kuwatazama wauguzi. Fundi akatandaza kitambaa kwenye meza ndogo iliyokuwa kando ya kinanda. Akakinyoosha. Akainama kukata uzi uliokuwa unaning'inia. Aliposimama, mkoba wake ulikuwa umenenepa kidogo.

Watu wakajaa. Hotuba zikasomwa, na kama ilivyo kwa hotuba, kila mtu alisema hatasema mengi. Matroni alikaa mbele na gauni la buluu alilolishona wifi yake, akijikuna mara moja moja ubavuni. Kisha Chiriku akaitwa. Akapanda na suti yake, amejinyoa mwenyewe, anang'aa.

Mpiga kinanda akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akatazama nyuma ya chombo, chini ya chombo, akatazama ndani ya viatu vyake. Jasho likamtoka.

"Waya wa umeme hauonekani," alisema. "Ulikuwepo hapa! Niliuchomeka kwa mkono wangu!"

Minong'ono ikaanza. Chiriku akainua mkono. "Hapana neno, jamani. Nitaimba mkavu kama kawaida."

Hapo mambo yangeweza kuishia, na fundi angekuwa ameokoa nyumba yake. Lakini matroni aligeuka kitini, akamtazama wifi yake aliyekuwa kando ya ukuta amekumbatia sanduku jeusi, akasema kwa sauti ya wodini:

"Kwani wifi amembeba paka wake kwa sababu gani? Si apande ampigie mumewe?"

Bwalo likacheka. Karani wa kile kichwa cha sufuria, ambaye nywele zilishaota, alijishika utosi kwa mikono miwili.

Fundi akapanda. Akaweka fidla begani, akamtazama mumewe. Chiriku akamwinamia. "Usiogope," alimnong'oneza. "Nitakusaidia."

Akaanza.

Ubeti wa kwanza, wako ghorofani wote wawili. Fundi alipiga chini yake, polepole, kama ile fidla ya pili ya redioni. Mumewe akiinama naye anainama, akipumua anangoja. Ubeti wa pili Chiriku akafumba macho, akakanyaga ngazi ya kwanza. Fundi alikuwa anaijua ngazi hiyo. Alishaingoja siku nyingi. Vidole vyake vikasogea naye. Wa tatu, ngazi nyingine, na nyingine. Kwa namna ya ajabu kadiri walivyoshuka ndivyo wimbo ulivyoongeza uzito, kama jua linaposhuka na kila kitu kinapata kivuli kirefu. Watu wakaacha kunywa soda. Mke wa daktari akatafuta mkoba wake, akatoa kitambaa. Mwalimu alikuwa safu ya nyuma, leso yote ameitia mdomoni, mabega yanamtetemeka, na majirani zake wakampigapiga mgongoni kwa huruma wakidhani analia.

Na fundi mwenyewe? Alikuwa amepanda pale kwa ujanja tu, kama mtu anayefunika doa. Lakini kumfuata mtu karibu namna ile, chembe kwa chembe, ni lazima umsikilize kuliko ulivyowahi kumsikiliza. Akasikia mahali pumzi inapokatika. Akasikia kwamba Chiriku hashuki popote tu. Anashuka kila anapolifikia neno linalomgusa. Neno la njia, anashuka. Neno la mama, anashuka. Kwenye jina la msafiri alishuka kwa uzito wote, kama mtu anayetua mzigo. Miaka yote fundi alikuwa anaipenda sauti hiyo na hakuwa ameisikia. Sasa aliisikia, kosa na yote, na karibu asahau kusogeza vidole.

Wakafika uani pamoja. Bwalo likasimama.

Makofi yalipokuwa yanaendelea fundi alishuka, akapita karibu na ile meza ndogo, mkoba wake ukakonda tena, kisha akainua pindo la kitambaa. "Baba," alimwambia mpiga kinanda, "si huu hapa?" Yule bwana akautazama waya kama aliyefufuka. Akauchomeka, na watu wakaanza kucheza.

*

Fundi alikuwa nyuma, chumba cha vyombo, akitafuta maji ya kunywa, mlango ulipofungwa. Alipogeuka akamkuta matroni, sahani ya keki mkononi.

"Waya ulikuwa wapi?"

"Chini ya kitambaa, wifi."

"Chini ya kitambaa." Matroni akala kipande cha keki, akameza. "Unadhani mimi ni kiziwi?"

Fundi akachukua bilauri, akaanza kuifuta.

"Mimi nimelala chumba kimoja na yule mtu utotoni. Mama alikuwa anamwambia atuimbie tulale. Alikuwa anashuka, na sisi tunashuka naye mpaka usingizini. Nimengoja maisha yangu yote apate wa kumwambia, maana sifa anazopewa ni za watu wenye sabuni masikioni. Nikasema kabla sijaondoka kazini, nimkodie kinanda kimnyooshe. Kumbe nimemkodia kinanda na wewe umemshonea bitana!"

"Wifi, hukuona uso wake?"

"Niliuona." Muziki wa kinanda ulikuwa unapigwa upande wa pili wa mlango. "Baba alikuwa anauimba hivyo hivyo. Ila yeye alikuwa anaanzia chini, ndiyo maana alikuwa hana pa kushukia." Akajipitisha mkono machoni, haraka, kama anayefukuza nzi. Kisha akageuza mgongo. "Hebu nitoe hii pini. Nimekaa nayo tangu asubuhi."

Fundi akaitoa. Matroni akampa keki iliyobaki.

Jioni ilipoanza kuingia, mume na mke wakarudi kwa miguu, sanduku amelibeba Chiriku. Alikuwa amepongezwa mpaka kola imelegea. Akatembea kitambo bila kuimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Fundi akajua: amesikia. Mtu anawezaje kushuka ghorofa nzima asisikie?

"Mke wangu," alisema hatimaye, "nina neno, lakini usikasirike."

"Sema tu."

"Umepiga vizuri sana. Sikutegemea. Watu wamelia." Akakohoa. "Ila kuanzia ubeti wa pili, ulikuwa unashuka."

Fundi akasimama.

"Kidogo kidogo," alisema Chiriku kwa upole. "Wengine hawakutambua, kwa kuwa nilipoona hivyo nikakufuata. Ningebaki juu ungeumbuka mbele ya dada. Nikasema, mke wangu akishuka, tushuke wote."

Kulikuwa na maneno mengi mdomoni mwa fundi, na kila moja lilikuwa la kweli. Akayatazama yote. Akamtazama mumewe, suti imekunjamana, uso mzito kwa huruma, sanduku la fidla kifuani kama mtoto aliyelala. Kicheko kikampanda kutoka miguuni. Akakizuia kikatokea machoni.

"Usilie," alisema Chiriku. "Ni mwanzo tu. Nitakufundisha kushikilia sauti."

"Utanifundisha?"

"Kila siku mchana. Hatutamwambia mwalimu, asije akajisikia vibaya."

Akatimiza ahadi. Mpaka leo, mchana wateja wakipungua, kinyozi anafunga mlango wake, anahamia upande wa cherehani, anasimama katikati ya vitambaa na kuweka mkono kifuani. Fundi viatu naye huleta kigoda chake mlangoni, eti kuna kivuli. Chiriku anatoa sauti ya mwanzo, nzito, nzuri, anafumba macho, anamwambia mkewe aikamate na asiiachie. Fundi anaikamata. Wanakwenda hivyo ubeti mzima, na wawili, na watatu, wakikanyaga ngazi moja baada ya nyingine.

"Umesikia?" Chiriku anauliza wakifika chini, akitikisa kidole. "Umeshuka tena."

"Nimesikia," anasema fundi.

"Haya, tuanze upya. Na safari hii usinivute."

Fundi anaiweka fidla begani.